Mjamzito anapotapika damu: gundi au kusubiri?

Kichocho cha tumbo, ugonjwa unaoletwa na minyoo, hakijaisha katika vijiji vinavyozunguka Ziwa Victoria. Mayai ya minyoo hii huacha makovu ndani ya ini, damu ya kutoka kwenye utumbo hukosa njia, bandama huvimba, na vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) za umio na za mfuko wa chakula hutanuka. Tofauti na sirosisi, yaani ini lililoharibika na kusinyaa kwa makovu, hapa ini huendelea kufanya kazi yake, kwa hiyo mwanamke hushika mimba bila shida. Mimba nayo huongeza damu mwilini kwa asilimia 40 hadi 50, na ndipo vena zilizotanuka huweza kupasuka.

Vena za umio hufungwa kwa vipira kupitia endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na madaktari wengi wanakubaliana juu ya hilo. Ubishi uko kwenye vena za sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, ambako kipira hakishiki vizuri. Tiba yake ni kudunga gundi ya sayanoakrilati, inayoganda mara ikigusa damu. Wanaosita wana hoja nzito: kipande cha gundi kinaweza kusafiri hadi mapafuni, na uzoefu kwa wajawazito unatokana zaidi na taarifa za mgonjwa mmojammoja. Afadhali, wanasema, aongezewe damu, apewe oktreotidi (dawa ya kupunguza presha katika vena hizo) na seftriaksoni (antibayotiki), asubiriwe.

Kwangu mimi hofu hiyo inamsahau mtoto inayetaka kumlinda. Presha ya mama ikiporomoka, kondo la nyuma hukosa damu, na mtoto anaweza kufia tumboni kabla gundi haijajadiliwa. Palipo na mkono uliozoea, mama alazwe ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa wa damu, adungwe.

Hospitali nyingi za wilaya, hata hivyo, hazina endoskopi. Huko wanaosubiri wako sahihi kwa lazima: damu, oktreotidi, rufaa ya haraka. Telipresini, dawa nyingine ya kuzuia damu hiyo, iepukwe, kwani hubana mji wa mimba na kupunguza damu ya mtoto.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengi wangeweza kutambuliwa mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2022 unaruhusu prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Lakini dawa hiyo haifuti makovu ya zamani. Kwa hiyo kliniki za kanda hiyo zimuulize kila mama kama amewahi kutapika damu, zimpapase bandama, na mwenye dalili apelekwe endoskopi mimba ikiwa na miezi minne au mitano, kabla ya uchungu.