Sare ya kwanjula, nani aliulizwa?

Kila kukicha kuna kwanjula hapa Kampala, yaani sherehe ya binti kumtambulisha mchumba wake kwa wazazi, kila kwanjula ina kamati, na kila kamati ina mama mmoja aliyependa rangi ya haradali. Basi sote haradali! Shangazi yangu, mweusi tii, inamkaa hasa, sibishi. Mimi maji ya kunde nikiivaa naulizwa kama nimepona malaria. Na gomesi lenyewe, hilo gauni refu la mkanda tunalovaa kwenye sherehe, mabega yameshachongoka, sasa sisi wenye mabega mapana tupitie mlango gani? Mkanda nao unafungwa pale pale ambapo nisingependa macho yafike. Nikiomba nichague walau rangi ya mkanda, naambiwa, "Dada, usituharibie picha." Picha! Na kitambaa nimenunua mwenyewe, fundi nimemlipa mwenyewe.