Utukufu wa Farao

Mimi si Mkatoliki. Naliweka hili mbele kabisa ili mnionee huruma mapema. Nimelelewa katika kanisa la kipentekoste, ambako kazi ya kengele hufanywa na spika, na spika hazina siku ya kupumzika. Chuo cha mapadre na masista nilikwenda kwa sababu kilikuwa na kozi niliyoitaka. Siku ya kuripoti tuliambiwa kila mtu abaki na dini yake, ila sheria za bweni ni za wote: geti linafungwa saa 4 usiku, msichana haingii bweni la wavulana hata kama ni dada yako wa tumbo moja, na kudeki ni kwa zamu.

Zamu ya kudeki ndiyo iliyoniponza.

Mwenzangu wa chumba alikuwa mpiga kengele wa kanisa la chuo, na mpiga kengele hadeki. Juma Kuu la mwaka wetu wa pili akaamua kwenda kula Pasaka nyumbani. Akaniambia nikimshikia kengele mpaka Jumatatu, atanidekia vyoo zamu mbili mfululizo. Kwa vyoo vile ningemshikia hata upadri.

Ijumaa alfajiri akaondoka na begi lake, mezani akaniachia kikaratasi: “Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Tatu, pumzika. Tatu, pumzika. Tatu, pumzika. Halafu tisa. Jumamosi usiku muulize Sista.” Basi. Hiyo tatu-tatu-tatu-tisa ndiyo kengele ya sala ya Malaika wa Bwana, mapigo 18 ukijumlisha. Ambacho hakukiandika ni kwamba kengele za Wakatoliki hunyamaza tangu unapoimbwa Utukufu, ule wimbo wa kumsifu Mungu, katika Misa ya Alhamisi Kuu, zisisikike tena mpaka Utukufu wa Kesha la Pasaka, ibada ya Jumamosi usiku. Kwake hilo lilikuwa kama kumwandikia mtu avue viatu kabla ya kupanda kitandani. Akilini mwake nilikuwa naanza kazi Jumamosi usiku. Akilini mwangu nilikuwa nimeshachelewa.

Kamba ya kengele ilishukia kwenye kichumba kilicho nyuma ya sakristia, chumba anachovalia padre kabla ya Misa, na mwishoni ilikuwa na fundo lililolainika kwa jasho la waliotangulia. Ukiivuta haijibu papo hapo. Kwanza kitu kinakoroma huko juu, halafu kimya, na ukishaanza kudhani haikukusikia ndipo inalia. Usipoiachia kwa wakati inakunyanyua. Mara mbili ilininyanyua mpaka visigino. Lakini mapigo yote 18 niliyatimiza bila kukosea hata moja, nikatoka nje nikijifuta jasho, nikisubiri labda mtu wa kunipongeza.

Aliyekuja ni Sista mlezi. Alikuwa anakatiza bustanini mbio, mkono mmoja umeshika shela, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna.

“Tumsifu Yesu Kristo, Sista,” nikamwamkia, maana hiyo nilikuwa nimeshafundishwa.

Hakuitikia. Nikashtuka. Pale chuoni hata mtu mwenye malaria huitikia “Milele amina.” Kumbe masista walikuwa kwenye mafungo ya kimya tangu usiku wa Alhamisi, hawasemi neno mpaka ibada ya saa 9 alasiri. Akaanza kunieleza kwa mikono. Akaweka kidole mdomoni. Akaonyesha juu kwenye kengele. Akapitisha kidole shingoni. Akaonyesha msalaba, uliokuwa umefunikwa kitambaa cha zambarau. Halafu akafumba macho na kulaza kichwa begani.

Nikaunganisha: kimya, kengele, shingo, msalaba, usingizi. Kuna mtu amekufa.

“Padre?” nikanong'ona.

Akatikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha tena msalaba, mara mbili. Hapo ndipo, kwa maoni yangu ya wakati ule, nikaelewa kila kitu. Leo ni siku aliyokufa Bwana, nami nimeipigia kengele ya siku za kawaida, ya kuchangamka. Sista anataka ya msiba. Nikamwinamia kwa heshima, nikarudi kwenye kamba, nikaanza upya, taratibu. Ngooo. Nahesabu hadi kumi. Ngooo. Nilikuwa nimepanga nipige 33, pigo moja kwa kila mwaka wake duniani.

Nilifika la saba.

“We mtoto, ACHA!”

Sauti ile ilisikika mpaka bweni la wasichana, nimehakikishiwa na walioko huko. Madirisha yote yalikuwa na vichwa. Kosa la kuvunja mafungo ya Sista likaandikwa kwenye hesabu yangu, na nadhani ni haki.

Padre mlezi hakunigombeza. Aliniita ofisini, akanitazama kwa muda, akauliza tu kama huko kwetu hatuna Ijumaa Kuu. Kisha akanikabidhi kibao chenye nyundo ya mbao inayogonga ukikitikisa, ndicho kinachotumika siku hizo badala ya kengele. Siku mbili nilizunguka korido za bweni nikiita watu sala kwa ka-ka-ka-ka, na kila mlango niliopita kuna mtu ndani aliitikia “Ngooo.”

Jumamosi jioni nikamfuata Sista kama karatasi ilivyoagiza. Safari hii alikuwa na ruhusa ya kusema, na alisema kidogo kidogo, kama anayemlisha mtoto dawa. “Ukae kwenye kamba. Usiiguse. Ukisikia Utukufu, ipige mpaka waimbaji wamalize. Umenielewa?” Nilikuwa nimemwelewa. Sasa mambo yalikuwa kwa maneno, si kwa vidole.

Kesha likaanza. Moto ukawashwa nje, mshumaa wa Pasaka ukaingizwa, “Mwanga wa Kristo” ikaimbwa mara tatu. Kanisa zima lilikuwa kwenye mishumaa tu, taa za umeme kwa utaratibu wa pale zilikuwa zinasubiri Utukufu, na mimi kwenye kichumba changu nilikuwa gizani kabisa, nikifuata ibada kwa upenyo wa mlango. Masomo ya Agano la Kale usiku ule ni saba. Inaruhusiwa kuyapunguza, lakini Padre wetu hakuwa mtu wa kupunguza. Uumbaji ukapita. Abrahamu na Isaka wakapita. Mikono ilikuwa inatoa jasho kwenye lile fundo.

Somo la tatu likawa la kuvuka bahari. Msomaji alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, sauti yake safi kabisa. Waisraeli wako ufukweni wanalia, Farao yuko nyuma yao na magari yake, Mungu anamwambia Musa anyooshe mkono juu ya bahari, na kwamba yeye Bwana atajipatia utukufu kwa Farao…

Utukufu. Nikavuta.

Nilivuta kwa deni lote la Ijumaa. Aliyekuwa kwenye swichi, naye akiwa ameambiwa asikilize kengele, akawasha taa zote kwa mpigo. Watumishi wa altareni wakatikisa kengele zao ndogo. Mpiga kinanda akafungua sauti zote. Waliokuwa wanasinzia wakasimama, na wengine, mishumaa mkononi, wakaanza kupiga makofi. Yule binti, Mungu ambariki, hakuacha kusoma. Alipandisha sauti tu. Farao alikuwa hata hajakanyaga maji.

Nami, kwa kusikia shangwe ile, nikaongeza.

Sista aliingia bila neno, akaikamata kamba juu ya mikono yangu. Kengele ikatunyanyua wote wawili.

“Sista, nimesikia Utukufu.”

“Wa Farao!”

Hakuondoka tena. Taa zikazimwa, masomo manne yaliyobaki tukayasikiliza tumesimama gizani, mikono yetu minne kwenye kamba moja. Padre alipoanza kuimba Utukufu wenyewe, Sista alimwacha amalize mstari mzima kwanza, ndipo akasema, “Sasa.”

Tukavuta. Kengele ikalia vizuri kuliko siku zote. Lakini taa hazikuwaka. Yule wa swichi alikuwa ameapa kutoiamini tena kengele yangu, na Utukufu wa Pasaka, mwanzo hadi mwisho, ukaimbwa gizani.