Wastani wa Kigezi hauwasemi Wabatwa

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 uliwahoji wanawake zaidi ya 18,000, na matokeo yake yakatolewa kwa kanda. Mbatwa wa Kisoro, mtu wa jamii ndogo iliyoishi msituni, akitaka kujua watoto wa jamii yake wana hali gani, anapewa wastani wa Kigezi, kanda nzima ya kusini-magharibi. Huo ni wastani wa majirani wenye mashamba. Yeye jamii yake ilitolewa msituni Bwindi na Mgahinga mwaka 1991, mbuga zilipotangazwa, na wengi wamebaki bila ardhi hadi leo.

Hakuna aliyewaficha kwa makusudi. Sensa ya 2014 ilipata watu milioni 34.6 nchini Uganda, na Wabatwa kama 6,200 tu. Ukichagua wanawake 18,000 kwa bahati nasibu, utapata Wabatwa watatu hivi. Watatu hawawezi kusema lolote kuhusu jamii nzima. Waik, jamii nyingine ndogo huko Karamoja, nao humezwa vivyo hivyo.

Dawa ni kuwafuata makusudi, kuongeza kaya zao kwenye sampuli. Wapo wanaoliogopa jambo hili, na hofu yao naiheshimu. Ng'ambo tu ya mpaka wa Kisoro, nchini Rwanda, vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu enzi ya Wabelgiji ndivyo vilivyotumika vizuizini mwaka 1994 kuchagua wa kuuawa. Tena jamii ya watu elfu sita ni ndogo mno: ukitaja kijiji, umri na ugonjwa, umeshamtaja mtu.

Kuna na mpaka wa hesabu yenyewe. Tuseme Wabatwa huzaa watoto 250 kwa mwaka. Kwa kiwango cha kitaifa cha 2016, vifo 336 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, hapo hutarajii hata kifo kimoja. Kikitokea kimoja au viwili, kiwango kitaruka bila maana yoyote. Ni afadhali kupima utapiamlo, chanjo na wanaojifungulia kituoni.

Hata hivyo, mimi nasema wahesabiwe. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba Wabatwa walidhulumiwa, ikarudisha shauri Mahakama Kuu iamue hatua za kuwainua. Zipi, na kwa kiasi gani? Bila takwimu, kila upande utaleta makisio yake. Ila idhini itoke kwa jamii yenyewe, majina yasiondoke na watafiti, na matokeo yasomwe kwanza kule yalikotoka, kwa lugha yao, kabla hayajafika Kampala.

Na fomu isitegemee orodha ya makabila iliyomo kwenye Katiba. Wabenet wa Mlima Elgon hawamo. Huandikwa Wasabiny, kabila lililomo orodhani, na hata sampuli iliyoongezwa vizuri namna gani haitawaona.