Foleni ya kuchaji Gol, betri ya boda Kayole

Mwaka wa sita huu niko Norwei, na kila nikipiga simu nyumbani Nairobi swali ni lilelile: hilo gari lako la stima likikuzimikia njiani, utafanyaje? Wacha nijibu hapa mara moja tu.

Halizimiki. Linachajiwa usiku nikiwa nimelala. Watu wakisikia kwamba mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa huku yalikuwa ya umeme, hudhani kila kona ina chaja. Wapi! Wengi huchaji kwao. Za umma ni za wasafiri, na za sisi tunaokaa flati zisizo na maegesho. Zile za mtaani ni za polepole, unachomeka jioni, asubuhi unachomoa. Za kasi ziko barabara kuu, na serikali kupitia shirika lake la Enova ilichangia gharama ili kila kilomita 50 hivi pawe na kituo, mara nyingi karibu na duka, choo na kahawa.

Ila Pasaka usiniulize. Wiki hiyo Oslo nzima hukimbilia milimani. Mwaka juzi tulikwama Gol, mji mdogo kwenye njia ya Bergen, magari kumi na moja mbele yetu, baridi imekaza, watoto wamemaliza biskuti. Wenyeji wana neno lake kabisa: ladekø, foleni ya kuchaji. Bwana mmoja kang'ang'ania ajaze hadi asilimia 100, na anajua fika kwamba ikishapita 80 betri hunywa umeme kwa kusuasua. Hakuna aliyemwambia kitu. Kwetu angeambiwa, tena kwa honi.

Basi wenzangu wakisema Nairobi nayo ijazwe chaja za namna hii, huwa nauliza: za nani? Mpwa wangu anaendesha boda ya umeme Kayole. Kwake saa moja ya kusubiri ni abiria wanne wamekwenda. Yeye huingia kituoni, anatoa betri iliyokwisha, anapachika iliyojaa, huyoo. Na stima tunayo, ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, tena mwaka 2023 vyombo vya umeme viliwekewa bei yao: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo.

Kinachoniudhi ni kwamba betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Huku tuliugua ugonjwa wa jamaa moja na huo, kila kampuni na programu yake ya kulipia, simu yangu ilibeba saba. Sheria ikaingilia: chaja mpya za kasi, kuanzia 2023, lazima zipokee kadi ya benki. Hilo ndilo ningependa tuige, sio nguzo za kuchajia.

Juzi betri ilimwishia mpwa wangu, akaisukuma pikipiki kutoka Kayole hadi karibu Donholm. Njiani alipita kituo cha kampuni nyingine, betri zimejaa zimepangwa kwenye rafu, taa za kijani zinamwangalia.