Viza ya mtandaoni imeondoa foleni, lakini imemwachia msafiri kazi ya karani

Kwa muda mrefu, mtu aliyetaka kutalii katika nchi inayodai viza alikuwa na njia mbili: kupeleka pasipoti yake ubalozini na kuiacha huko kwa siku kadhaa, au kufunga safari na kuomba ruhusa akiwa ameshafika mpakani. Njia ya tatu, ya kujaza fomu kwenye tovuti, kulipa kwa kadi ya benki na kusubiri jibu kwa barua pepe, imeenea kiasi kwamba katika nchi nyingi sasa ndiyo njia ya kawaida. Australia ilianza kutoa kibali cha kielektroniki mwaka 1996. Marekani ililifanya ombi la ESTA, yaani kibali chake cha kielektroniki cha kusafiri, kuwa la lazima Januari 2009 kwa wasafiri wa nchi zilizosamehewa viza. Uturuki ilifungua viza ya mtandaoni mwaka 2013, India ikafuata Novemba 2014, na tangu Agosti 2023 Vietnam inapokea maombi ya namna hiyo kutoka kwa raia wa nchi zote.

Wanaoutetea mfumo huu husema umemkomboa msafiri, na wanaoulalamikia husema umemtwisha mzigo uliokuwa wa serikali. Naziheshimu hoja za pande zote mbili, na kama ningelazimishwa kuchagua kati ya tovuti na dirisha la ubalozi, ningechagua tovuti. Hata hivyo, malalamiko ya upande wa pili hupuuzwa mno, hasa lalamiko moja: kwamba msafiri amefanywa karani wa uhamiaji, anayeingiza taarifa kwenye mfumo wa dola ya kigeni, bila kupewa nafasi aliyokuwa nayo karani ya kurekebisha alichokosea.

Tuanze na faida, kwa sababu ni kubwa. Hakuna nchi yenye ubalozi katika kila mji mkuu wa dunia, na wengi walilazimika kwanza kusafiri hadi nchi jirani ili wakaombe ruhusa ya kusafiri. Nauli ya kwenda, ya kurudi, na ya kwenda tena kuchukua pasipoti iliyogongwa muhuri iliweza kuzidi ada ya viza yenyewe. Tovuti imefuta gharama hiyo, na pasipoti inabaki mikononi mwa mwenyewe muda wote. Isitoshe, mwanya wa kudaiwa mlungula hupungua pale mwombaji na mwamuzi wasipokutana ana kwa ana. Kwa aliyezoea kuomba mpakani, unafuu ni wa aina nyingine: anayekataliwa akiwa bado nyumbani hupoteza ada, ilhali anayekataliwa mpakani hupoteza nauli, hoteli na likizo, tena hurudishwa kwa ndege inayofuata.

Upande wa pili niliuona kwa karibu nilipomsaidia mama yangu mdogo kuomba viza ya utalii. Nambari ya pasipoti yake ina herufi O, nami niliiandika kama sifuri. Tovuti haikulalamika. Ada ilikatwa, na kesho yake viza ilifika kwenye barua pepe ikiwa na picha yake na majina yake sahihi, tukaichapisha na kuiweka kwenye bahasha. Siku ya safari, mhudumu wa shirika la ndege alipitisha pasipoti kwenye mashine, akatazama kioo, akaipitisha tena, kisha akatuambia kwa upole kwamba hakuna kibali kwa nambari hiyo. Mama mdogo alikuwa ameishika ile karatasi, akawa anamwonyesha jina lake kwa kidole. Jina halikusaidia kitu. Tulilipa ada upya, tukalipia mabadiliko ya tiketi, naye aliondoka siku nne baadaye.

Kosa lile lilikuwa langu, na sina nia ya kulikana. Ila inafaa kueleza kwa nini lilipita bila kugunduliwa. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili yenye herufi, tarakimu na alama ndogo kama mishale, kila mstari ukiwa na nafasi 44. Mistari hiyo husomwa na mashine, na baada ya nambari ya pasipoti huja tarakimu moja ya ukaguzi inayotokana na hesabu iliyofanywa juu ya nambari yenyewe, ili mashine ikisoma vibaya, hesabu ikatae. Fomu nyingi za mtandaoni humwomba mwombaji nambari tu na kuiacha tarakimu hiyo ya ukaguzi. Kinga ipo kwenye hati tangu siku ilipochapishwa, lakini fomu haiitumii. Programu za simu za Australia na Uingereza zimepiga hatua hapa, kwani husoma taarifa moja kwa moja kutoka kwenye chipu ya pasipoti, na kosa kama langu lisingetokea. Tatizo ni kwamba zinahitaji simu inayoweza kusoma chipu, na mwenye simu ya zamani hurudishwa kwenye kuandika kwa mkono au kuazima simu ya mtu.

Hapo ndipo swali la haki linapoingia. Zamani, mtu alipokosea fomu mbele ya karani, karani aliilinganisha na pasipoti iliyo mezani, akakata mstari na kuandika upya. Ilichukua nusu dakika. Sasa kosa hilohilo lina bei. Kwa ESTA ya Marekani, aliyekwisha kulipa anaweza kubadilisha mambo machache kama barua pepe na anwani atakayofikia, lakini akikosea nambari ya pasipoti hana budi kuwasilisha ombi jipya na kulipa tena. Watetezi watasema, na hawakosei, kwamba nambari ya pasipoti ndiyo msingi wa ukaguzi wote wa usalama, hivyo kuibadilisha ni sawa na kuomba upya. Nakubali kwamba ukaguzi urudiwe. Sikubaliani kwamba lazima ada nayo irudiwe, hasa kwa mtu aliyegundua kosa lake na kuliripoti siku ileile.

Majina nayo yana taabu yake. Fomu nyingi hudai jina la kwanza na jina la ukoo, kana kwamba watu wote wa dunia huitwa hivyo. Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti huambiwa hawezi kuendelea hadi ajaze kisanduku cha pili. Mwenye majina manne hubaki akikisia lipi liende wapi. Picha ikikataliwa kwa kuwa na kivuli, au faili ikizidi ukubwa unaoruhusiwa, ujumbe mwekundu humwambia kwamba kuna hitilafu bila kumwelekeza aifanyie nini. Kijana aliyekulia kwenye kompyuta hulimaliza jambo hilo kwa dakika kumi. Mzee hulipa mtu amfanyie, na anayelipwa huondoka na nakala ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na nambari za kadi.

Katika mwanya huo wameingia wajanja. Ukitafuta viza ya nchi yoyote yenye watalii wengi, matokeo ya kwanza mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na baadhi huongoza kwenye tovuti zilizopambwa bendera na nembo zinazofanana na za serikali. Zilizo nafuu huchukua ada mara mbili au tatu ya ile halali na kuwasilisha ombi kweli. Nyingine huchukua pesa na kunyamaza. Kinga iliyo rahisi ni kusoma anwani yenyewe kabla ya kuandika chochote: ya India, kwa mfano, ni indianvisaonline.gov.in, na vipande hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinavyoonyesha kuwa mwenye tovuti ni serikali. Lakini si kila nchi hutumia alama ileile, kwa hiyo msafiri hana kanuni moja ya kumfaa kila mahali. Njia ya uhakika zaidi ni kuanzia kwenye tovuti ya ubalozi au ya wizara ya mambo ya nje ya nchi anayokwenda, na kufuata kiungo kilichowekwa huko.

Jambo jingine linalopimwa vibaya ni jibu la kukataliwa. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, bado hulaumiwa kwa urasimu wao: ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 ni lazima, na mwombaji wa mara ya kwanza hufika mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Pamoja na uzito huo wote, aliyenyimwa hupewa fomu inayotaja sababu, naye ana haki ya kukata rufaa. Aliyenyimwa ESTA hana rufaa. Huelekezwa kuomba viza ubalozini. Dirisha lenye foleni limempa mwombaji haki ambayo ukurasa mwepesi umemnyima, na wanaosifu kasi ya mtandao wangepaswa kuliweka hilo kwenye mizani.

Mwelekeo, kwa vyovyote, hautageuka. Hata nchi zinazotangaza kufuta viza huweka ombi la mtandaoni mahali pake: Kenya ilifuta viza Januari 2024 na kuleta kibali cha kielektroniki, hata wageni ambao awali hawakuhitaji viza wakajikuta wakijaza fomu. Umoja wa Ulaya nao unaandaa kibali chake, ETIAS, kwa wasafiri wasiohitaji viza.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo, na kinawezekana kwa teknolojia iliyopo. Fomu iulize tarakimu ya ukaguzi au isome picha ya ile mistari miwili, na ikatae kuendelea pale hesabu inapogoma. Mwombaji apewe saa 24 baada ya kulipa za kusahihisha bila malipo. Anayenyimwa aambiwe sababu. Na pawepo na dirisha moja lenye mtu, kwa asiye na simu wala kadi. Hadi hayo yafanyike, viza ikifika kwenye barua pepe, usiishie kusoma jina lako: weka pasipoti kando yake na uilinganishe nambari, herufi kwa herufi, kabla ya kulipia tiketi.