Bwawa la Ndege Halifidii Kinamasi

Alaska, jimbo la Marekani, kumiliki ndege ndogo si ukwasi. Zaidi ya asilimia 80 ya makazi ya jimbo hilo hayafikiwi kwa barabara, kwa hiyo ndege ndiyo hubeba chakula, wagonjwa na nyama ya mawindo. Mwenye shamba katika bonde la Matanuska-Susitna akitaka kiwanja chake cha kurukia na bwawa kando yake, kwenye kinamasi, kwa ajili ya ndege yenye maboya inayotua majini, anataka kitu cha maana. Hesabu yake pia ni nzuri: changarawe inayochimbwa bwawani inakwenda kujengea kiwanja. Viwanja vya umma vya Fairbanks na Juneau vina mabwawa ya namna hiyo, naye anauliza kwa nini yeye akatazwe.

Kinachomkwaza ni kifungu cha 404 cha Sheria ya Maji Safi, kinachodai kibali cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kabla ya kumwaga kifusi kwenye ardhi oevu. Malalamiko yake yana msingi. Familia ya Sackett ya Idaho ilizuiwa mwaka 2007 kujaza kiwanja cha nyumba, ikapata ushindi wa mwisho Mahakama ya Juu mwaka 2023 tu.

Lakini hoja anayoipenda zaidi, kwamba anatoa kinamasi chenye maji na kurudisha bwawa la maji, haisimami. Thamani ya kinamasi cha kule imo kwenye mboji, yaani mimea iliyooza nusu nusu, inayojengeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka. Mita moja inayochotwa na katapila asubuhi moja ilichukua kama miaka elfu. Mtaro ukishakatwa, maji ya pembeni nayo hushuka. Mboji iliyoachwa wazi huoza, hutitia na kutoa kaboni. Uharibifu huo hauulizi mpaka wa shamba uko wapi. Jirani aliye chini huupokea, pamoja na vijito ambamo samoni wachanga hukulia kabla ya kwenda baharini.

Halafu kuna elodea, gugu ambalo wanaodai bwawa hawalitaji kabisa. Mwaka 2015 lilikutwa Lake Hood, Anchorage, bandari ya ndege za majini inayotajwa kuwa na shughuli nyingi kuliko zote duniani, ikabidi maji yatiwe dawa. Gugu hili halihitaji mbegu: kipande kilichonasa kwenye boya au usukani kinatosha kuanzisha shamba jipya, nalo hustahimili baridi chini ya barafu. Hupunguza kasi ya maji na kuziba mazalia ya samaki. Kila bwawa binafsi ni kituo kingine ambapo linaweza kushuka, tena kituo kisicho na mkaguzi.

Wengine watasema asilimia 43 hivi ya Alaska ni ardhi oevu, kipande kimoja si kitu. Lakini hakuna anayechimba bwawa nyikani. Watu huchimba karibu na miji ya Wasilla na Anchorage, ambako ardhi kavu imeshajengwa na vinamasi vilivyobaki ndivyo vinavyolisha mito wanayoivua.

Kwa maoni yangu, kiwanja kiruhusiwe pale penye changarawe kavu, na bwawa lichimbwe kwenye mashimo ya zamani ya changarawe. Hukumu ya 2023 katika kesi ya Sackett imeviacha nje ya sheria ya shirikisho vinamasi visivyoungana juu ya ardhi na mto au ziwa. Huko halmashauri za wilaya ndizo zinapaswa kuweka masharti yao, kuanzia na ukaguzi wa maboya.