Siyo Mama, Ni Muuza Chumvi

Naandika haraka kabla habari ya mwenyeji wangu haijafika Dar. Kwenye grupu la darasa ameshatangaza kwamba nililala kifudifudi nikalia. Muongo. Nilipiga goti moja tu, na machozi yalitokana na unga ulioniingia machoni.

Kwa mliochelewa: niko Ahmedabad, India, nyumbani kwa huyo mwenyeji, nimekuja kula Diwali. Jana ilikuwa Diwali yenyewe, leo ni Bestu Varas, mwaka mpya wa Wagujarati. Leo ndiyo siku ya kuwashika wakubwa miguu na kuwaambia "Saal Mubarak". Mkubwa anakuwekea mkono kichwani, anakuombea dua, kisha anakupa noti mpya isiyokunjwa. Mkono wa Idi, basi. Niliposikia habari ya noti, nikawa mwanafunzi msikivu sana.

Somo nilipewa jana usiku. Vua viatu. Inama kutokea kiunoni. Huchuchumai wala hupigi goti. Mkono wa kulia uguse vidole vya miguu, kisha uupeleke kwenye paji la uso wako. Ni kugusa tu, sekunde moja, hukamati kifundo kama mtu anayewinda kuku. Sisi nasi shikamoo yetu inasemekana ilianza hivyo hivyo, "nashika miguu". Tumebaki na maneno, wenzetu wamebaki na miguu.

Balaa lilikuwa kwenye majina. Kwa Kigujarati, dada ni babu mzaa baba. Kaka ni baba mdogo. Na mama, jamani, mama ndiye mjomba. Kwa hiyo nilipoambiwa "Mama anaingia alfajiri na treni ya kutoka Mumbai, ana mvi, usisahau kumshika miguu", nililala nikikariri: Mama ni mwanamume, Mama ana mvi, Mama ana noti.

Saa 11 alfajiri. Fataki zimeninyima usingizi, nyumba nzima inakoroma, huko mtaani kuna mtu anaita "Sabras! Sabras!" nami nadhani ni ibada. Kengele ikalia. Nikafungua.

Mzee. Mvi kichwa kizima. Kanzu fupi nyeupe, kapu mkononi. Nikasema moyoni, huyu hapa Mama na mzigo wa safari.

Sasa kati yangu na yeye, sakafuni, kulikuwa na rangoli. Mama wa mwenyeji wangu (mama wa Kiswahili huyu) alitumia masaa matatu jana kuichora: tausi mwenye mkia uliofunguka, bluu, kijani na dhahabu. Kwanza unapanga nukta za unga mweupe, halafu unaachilia unga wa rangi kidogo kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, ukifuata nukta. Haina gundi. Haina maji. Ni unga mkavu uliokaa juu ya marumaru kwa hisani tu, hata feni ya ukumbini walizima. Mkumbukeni huyo tausi.

"Mama!" nikasema. Mzee akatabasamu, kuitwa mjomba si tusi. "Saal Mubarak!"

Nikainama. Kutokea kiunoni, kama nilivyofunzwa. Mkono wa kulia ukashuka, ukashuka, miguu haipo. Miguu iko ng'ambo ya tausi. Nikajivuta. Nikajivuta tena. Soksi ikateleza, goti likatua kwenye shingo ya ndege. Mkono wa kushoto, ambao haukualikwa, ukatafuta pa kujishikiza ukaupata mkia. Wa kulia ukafika ng'ambo ukiwa bluu tupu, nikashika miguu ya mzee, na wala haikuwa sekunde moja. Nilishika kama mtu anayeshika mlingoti, maana ningeachia ningemaliza na uso. Mzee wa watu, kwa mazoea ya umri wake, akaniwekea mkono kichwani akaniombea. Nikainuka nikapeleka kiganja kwenye paji la uso, kama ilivyoelekezwa. Bluu yote ikahamia huko.

Akanipa kifuko cha chumvi. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikingoja noti. Akasema: "Paisa."

Wadau, katika Kigujarati chote hilo neno nililielewa bila mkalimani. Pesa! Nikafungua kiganja. Naye akafungua kiganja. Tukasimama hivyo juu ya maiti ya tausi, kila mmoja anamsubiri mwenzake atoe.

Nikaona labda ana haya kutoa mlangoni. Nikamshika mkono, nikamwingiza, nikamkalisha kwenye bembea. Ndiyo, sebuleni kuna bembea, nyumba nyingi za Wagujarati wanayo: ubao mpana unaoning'inia darini kwa minyororo ya shaba. Ya hapa ni kiti cha babu. Nikamletea maji kwenye glasi ya stili juu ya sinia, kwa kuwa hapa mgeni anapewa maji kabla hajaulizwa lolote. Halafu, sijui shetani gani alinipitia, nikamsukuma kidogo. Akabembea. Kapu mapajani.

Walitukuta hivyo. (Unayeuliza picha iko wapi: haipo, na ikiwepo nitaihama nchi.)

Mengine mafupi. Sabras ni chumvi. Wauzaji hupita alfajiri ya leo, na kila nyumba hununua kidogo kwa ajili ya heri ya mwaka. Mwenye tausi alicheka mpaka akakaa chini. Mzee akalipwa, akaongezewa boksi la kaju katli, vitamutamu vya korosho, akaondoka akiyumbisha kichwa, sijui ndiyo sijui hapana. Mama halisi akafika saa 2. Nilipomwinamia akarudi nyuma hatua moja, alishapigiwa simu. Tangu hapo tumezunguka nyumba 7, kila nyumba sinia ya mathiya na chorafali, vitafunwa vya kukaanga, na kila nyumba kuna mtu anayeniuliza bei ya chumvi.

Jioni hii babu ameniita kwenye bembea yake. Nimemshika miguu, sekunde moja, safi. Amenipa bahasha. Hapa zawadi ya pesa haiishii kwenye sifuri, huongezwa rupia moja juu, kwa hiyo nilitegemea 101. Nimehesabu mara mbili: 91.

"Kumi za chumvi," amesema.